Miaka kumi na tisa na mamba ambaye siye

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Watoto arobaini na watatu wa darasa la nne wamekaa sakafuni katika ukumbi wa pili wa makumbusho, madaftari mapajani. Mbele yao, ndani ya kabati la kioo refu kama vitanda viwili vilivyounganishwa, amelala mamba aliyekaushwa. Mdomo wazi, meno nje, jicho moja limefifia kuliko jingine.

Mwanamke mfupi mwenye koti la kazi la kijivu anapiga makofi mara mbili.

"Haya, wanangu. Nani hamwogopi huyu? Anyooshe mkono."

Mikono kama kumi inapanda.

"Hao kumi ni waongo. Mimi nimekaa naye humu miaka kumi na tisa, na bado nikipita hapa peke yangu naongeza mwendo."

Watoto wanacheka, na mwalimu wao naye anacheka. Mwanamke anasogea hadi kwenye kona ya kabati, anaweka kiganja juu ya kioo na kuvuta pumzi ndefu.

"Mamba huyu..." anaanza. Kisha ananyamaza.

Mwalimu anaangalia saa yake. Msichana wa mstari wa mbele anaona bora asaidie.

"Alimla mtu?"

"Kibao kinasema hivyo."

"Kwa hiyo alimla?"

"Kibao ndicho kinachosema, mwanangu."

"Na wewe unasemaje?"

Mwanamke anavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti. Anaivaa tena. "Twendeni kwenye ndege," anasema. "Ndege hawana maneno mengi."

Huyo ndiye Bi Mamba. Kazi yake ni kuongoza wageni, lakini kuanzia mlinzi wa lango hadi mkurugenzi, hakuna anayemwita vingine. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, ana watoto watatu wakubwa na mume seremala. Hadi msimu wa mvua uliopita, kusimulia kisa cha mamba ndiyo kazi aliyoiweza kuliko watu wote.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja yenye madirisha marefu na sakafu ya mbao inayolia kila mahali. Chini kuna wanyama, ndege, wadudu na mawe. Juu kuna vitu vya watu: vyungu, ngoma, vigoda, mapambo. Wageni wengi hawafiki juu. Wanakuja kumwona mamba, wanapiga picha, wanaondoka.

Bi Mamba aliingia humo akiwa mfagiaji wa kutwa. Kwa miaka sita alipiga deki huku mwongozaji wa wakati huo, mzee mmoja aliyekwisha fariki, akisimulia. Asubuhi moja mzee akaugua, na nje ya lango kuna mabasi mawili ya wanafunzi.

"Nilikuwa na fagio mkononi," anakumbuka. "Mkubwa wa zamu akauliza nani anaweza kuwazungusha hawa watoto. Mimi nikasema, kisa cha mamba nakijua hata nikiwa usingizini. Nikakisimulia nikiwa na fagio. Nilipomaliza, mwalimu mmoja analia."

Tangu siku hiyo hakurudia kufagia. Kwa hesabu yake mwenyewe amekisimulia kisa hicho zaidi ya mara elfu nne: mwanamke aliyekwenda mtoni asubuhi, maji yaliyotulia, kelele moja tu, wanaume waliomwinda mamba siku kumi na moja hadi wakampata. Kibao kilichobandikwa chini ya kabati kina mistari miwili: "Mamba wa mto. Aliuawa baada ya kumla mwanamke mmoja wa eneo hili."

"Mimi nilikuwa naweka chumvi," anakiri. "Kwenye kisa changu yule mama alikuwa anaimba. Watu wanapenda hapo."

Katika mwaka wake wa pili wa kuongoza wageni, alikuwa katikati ya wimbo huo alipomwona mwanamume amesimama nyuma ya wanafunzi, kofia mkononi, mikono myeusi kwa grisi. Alimsikiliza hadi mwisho. Watoto walipoondoka, akamkaribia.

"Unasimulia vizuri, mama. Ila hakuwa anaimba."

"Umejuaje, fundi?"

"Alikuwa mama yangu. Alikwenda kufua nepi zangu."

Bi Mamba anasema alikaa kwenye kiti cha mlinzi bila kukaribishwa. Alitaka kupiga magoti amwombe radhi. Yule bwana alimzuia. "Endelea kusimulia," akamwambia. "Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu, sikumbuki kitu. Mwili haukupatikana, kaburi hatuna. Kama si wewe, hakuna anayemtaja."

Bwana huyo ni fundi baiskeli, sasa ana miaka sabini na mmoja. Mara tatu au nne kwa mwaka huja makumbusho, hukata tiketi kama mgeni yeyote, husimama mbele ya kabati kama dakika kumi na kuondoka. Hagusi kioo wala hapigi picha. "Nilikuwa namkazia macho tu," ameeleza yeye mwenyewe kwa mwandishi wa habari hii. "Ajue kwamba mimi nipo."

Bi Mamba aliutoa ule wimbo, akaweka nepi. Kisa kikawa kizito zaidi. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, hadi mvua ilipokuja.

Paa la ukumbi wa pili lilivuja siku mbili mfululizo. Asubuhi ya siku ya tatu Bi Mamba alifungua mlango akakuta maji yameingia kabatini na tumbo la mamba limevimba. Walipojaribu kumwinua, mshono ukaachia. Yakamwagika majani makavu, unga wa mbao na vipande vya magazeti.

"Mimi ndiye niliyeshika ndoo," anasema. "Nikaokota gazeti moja, nikaliangalia, nikaligeuza juu chini. Herufi zenyewe sizijui. Nikamwita binti wa rejista, naye hazijui. Tukaita ofisi nzima. Hakuna."

Binti wa rejista ndivyo anavyoitwa mtunza kumbukumbu wa makumbusho, msichana wa miaka ishirini na tisa aliyeajiriwa mwaka jana. Yeye alichangamka kuliko alivyoshangaa. Kama mamba aliuawa hapa na kujazwa hapa, alijiuliza, magazeti ya nchi za mbali yalifikaje tumboni mwake? Akashuka stoo, akakaa na madaftari makubwa ya kale kwa siku nne, akapanda na vumbi hadi kwenye nyusi.

Alichokikuta ni maingizo mawili. La kwanza, la miaka sabini iliyopita, lilimtaja mamba wa mtoni aliyemla mwanamke. La pili, la miaka kumi na sita baadaye, lilisema hivi: ngozi ya mamba huyo imeliwa na wadudu, imetupwa, na nafasi yake amewekwa mamba aliyenunuliwa ng'ambo. Kibao cha zamani hakikuguswa.

"Alinisomea mara ya kwanza, nikamwambia rudia," anasema Bi Mamba. "Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Mara ya tatu akasema, mama, maneno ni yale yale. Nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi, sijui niko wapi. Nilikuwa najiuliza, sasa wale watoto wote niliwaambia nini? Halafu nikamkumbuka fundi. Hapo ndipo kichwa kilipozunguka kabisa."

Mkurugenzi aliitisha kikao. Uamuzi wake ulikuwa kwamba kibao kisibadilishwe haraka, na mpaka kitakapobadilishwa, waongozaji wasiseme kinyume chake.

"Hatukutaka kumdanganya mtu," mkurugenzi ameeleza. "Lakini ukifuta maneno leo, kesho ukagundua umekosea, utafuta tena? Nilitaka tuwe na uhakika kwanza."

Binti wa rejista hakukubaliana naye, akasema hivyo waziwazi. Bi Mamba alikaa katikati, hajui ashike upande upi. Nyumbani, mume wake alimsikiliza huku akipiga randa ubao.

"Kwani wewe ndiye uliyemnunua?" akamuuliza.

"Si mimi."

"Basi unalia nini?"

"Silii. Ninakuuliza nimwambie fundi au nisimwambie."

Mume akapuliza vumbi la mbao, akafikiri. "Ungekuwa wewe ungetaka kuambiwa?"

"Sijui," akajibu. Anasema hilo ndilo lililomchanganya zaidi: hakujua kweli. Mtu amekuwa akikaa na jambo lake miaka yote, limetulia. Unakwendaje kulivuruga? Na usipolivuruga, unamtazamaje usoni?

Siku ya Jumatano, wiki mbili baada ya kikao, fundi alikuja. Bi Mamba alimwona kupitia dirishani akikata tiketi. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kazini. Alijificha stoo, akasimama gizani kati ya masanduku hadi alipohesabu kwamba dakika kumi zimepita, na nyingine kumi juu yake.

Alipotoka, mlinzi alimwambia, "Mgeni wako kakuulizia. Anasema mamba ana mshono mpya, vipi, anaumwa?"

Siku hiyo alipomaliza kazi hakupitia sokoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa fundi.

Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, fremu za baiskeli zimening'inia darini kama nguo zilizoanikwa. Fundi alikuwa ananyoosha gurudumu lililopinda, analizungusha, anakaza spoki moja, analizungusha tena. Bi Mamba alikataa kiti. Alizungumza akiwa amesimama, haraka haraka, bila kituo: mvua, magazeti, rejista, mamba wa ng'ambo.

Fundi hakusimamisha gurudumu. Lilizunguka hadi likasimama lenyewe.

"Kwa hiyo nimemnunia mgeni," akasema.

Kisha akacheka. Bi Mamba naye akacheka, bila kujua kama aliruhusiwa. Walicheka hadi jirani yake kinyozi akachungulia.

"Maskini mnyama wa watu," fundi akasema, akifuta macho. "Katoka kwao huko, hajui hili wala lile, anakuta mtu anakuja kumkazia macho kila mwaka." Kisha kicheko kikakatika. "Na yule mwenyewe yuko wapi?"

"Alitupwa, mzee."

"Wapi?"

"Hawakuandika."

Fundi aliweka spana chini. "Basi mama katupwa naye," akasema. "Maana alikuwa humo."

Bi Mamba anasema neno hilo lilimkata maini. Alikuwa na jambo jingine la kusema, ambalo binti wa rejista alilikuta mwishoni mwa ingizo la kwanza, kwa wino uliopauka: "Bangili moja ya shaba, kutoka tumboni. Imepelekwa kwenye mapambo." Alikuwa ameapa kutolisema kabla halijathibitishwa. Akalisema.

Fundi alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha nyingine. "Bangili?" akauliza. "Mama alikuwa na bangili?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mimi sijui. Hata uso wake siujui. Labda umuulize dada."

Dada yake ana miaka sabini na tisa. Mama alipochukuliwa na mamba, yeye alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni siku zote zilizofuata. Hajawahi kuingia makumbusho. "Huyo mdogo wangu akienda kuangalia mnyama, aende," alikuwa akisema. "Mimi mnyama huyo nilimwona akiwa hai, inatosha." Lakini aliposikia bangili, aliomba aletewe viatu.

Walikutana stoo siku ya Jumatatu, ambayo makumbusho hufungwa: dada na fimbo yake, fundi na shati lililopigwa pasi, binti wa rejista, Bi Mamba, na mkurugenzi aliyesimama mlangoni, haingii wala hatoki.

Droo ya bangili za shaba ilikuwa na vipande ishirini na sita. Zamani kila kimoja kiliandikwa namba kwa wino mweusi upande wa ndani. Kwenye baadhi wino umefutika. Binti wa rejista, kwa kutumia lenzi, alikuwa amezitoa zile ambazo namba zake zilisomeka na kuonyesha kwamba ni za maingizo mengine. Zikabaki nne. Akazipanga juu ya kitambaa cheupe, akampa dada glavu.

"Za nini?"

"Ili usiziharibu, bibi. Jasho la mkono linakula shaba."

"Mwanangu, nikivaa hizi nitashika na nini?"

Binti wa rejista alimgeukia mkurugenzi. Mkurugenzi akatingisha kichwa: mwache.

Dada akaichukua ya kwanza, akajaribu kuivaa. Iligoma kwenye kiungo cha kidole gumba. Ya pili ikagoma. Akaangalia mkono wake, mifupa imevimba, ngozi imejikunja.

"Nakumbuka mkono wa mama ulikuwa mkubwa," akasema. "Mkubwa sana. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Angenikuta leo, yeye ndiye angeniamkia shikamoo."

Alizishika zote moja moja. Akaitenga ya tatu. Akairudisha. Akaitenga ya kwanza, akainusa, akairudisha. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, anahema kama aliyepanda mlima.

"Sura siikumbuki," dada akasema hatimaye. "Nakumbuka mlio. Akija na ndoo, bangili inagonga. Nikiusikia najua mama kafika, naacha michezo."

Bi Mamba hakungoja kuambiwa. Alikimbia hadi chumba cha usafi, akaleta ndoo ya bati ya zamani ambayo siku hizi wanawekea matambara. Akaigeuza. Binti wa rejista akachukua bangili ya kwanza, akaigonga polepole kwenye ukingo. Dada alifumba macho.

Ya pili. Ya tatu.

"Rudia hiyo."

Akarudia.

"Rudia."

Ya nne. Kisha ya tatu tena, kisha ya kwanza. Dada akafumbua macho na kuwatazama mmoja baada ya mwingine, kana kwamba wao ndio wenye jibu.

"Sijui," akasema. "Nilidhani nitajua. Kweli sijui."

Fundi alipiga magoti kando ya kiti chake, mzee wa miaka sabini na mmoja, akamshika dada yake mkono. "Si kitu, dada. Si kitu." Lakini Bi Mamba, aliyekuwa bado amekumbatia ndoo, aliona uso wake, na anasema hakuujua uso ule ulikuwa wa nini: furaha, hasira, au uchovu tu.

"Ziwekwe zote nne pamoja," dada akaamua baada ya kupewa maji. "Mojawapo ndiyo. Na hizo tatu zilikuwa za kina mama wengine, nazo zina watu wake."

Binti wa rejista akafungua daftari jipya ili aandike. Aliandika tarehe, akaandika namba, kisha akainua kichwa.

"Bibi, naomba jina la marehemu."

Dada akalitaja, la kwanza na la baba yake.

Bi Mamba anasema hapo ndipo alipoumia zaidi ya siku ya rejista, zaidi ya siku aliyojificha stoo.

"Mara elfu nne," anasema, na sauti yake inashuka. "Nimewatoa watu machozi kwa habari za yule mama. Nimejua nepi, nimejua mto, nimejua siku kumi na moja. Fundi nimemfahamu miaka hiyo yote. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza, mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Mkurugenzi amekubali kibao kipya. Kimeandikwa na kufutwa mara tatu, kwa sababu kila mtu ana namna yake ya kusema kwamba makumbusho yalikosea. Kinatarajiwa kubandikwa mwisho wa mwezi huu, pamoja na kabati dogo la bangili nne ghorofa ya juu. Familia imeomba jina lisitoke gazetini kabla halijatokea pale kwenye kibao. "Lianzie kwake," alisema dada.

Fundi bado anakuja. Mara ya mwisho alipanda juu akaonyeshwa mahali kabati litakapowekwa, akashuka, kisha miguu ikampeleka ukumbi wa pili kama kawaida. Alisimama mbele ya mamba, akajikuna kichwa.

"Nifanye nini, nimemzoea," akamwambia Bi Mamba. "Sasa sijui nimsalimie au nimwombe radhi."

Bi Mamba naye ana mpango. Yeye na binti wa rejista wamehesabu vitu mia tatu na kumi na viwili vya ghorofa ya juu vilivyoandikwa kwamba mwenyewe hajulikani. Wameanza kuvipiga picha kwa simu. Anataka kutumia likizo zake za miaka tisa iliyobaki kabla ya kustaafu kuzungusha picha hizo kwa wazee mitaani na vijijini na kuuliza majina. Mkurugenzi hajasema ndiyo wala hapana. Mume wake amesema atatoa baiskeli, mradi fundi aikague kwanza.

Lakini kwanza kuna kisa cha mamba, ambacho mwezi ujao atalazimika kukisimulia upya. Anakifanyia mazoezi jikoni.

"Nitaanza na jina," anasema. "Nitasema: huyu alikuwa mama wa watoto wawili, asubuhi moja alikwenda kufua. Hapo nina uhakika. Halafu nitawaambia tulivyokosea. Halafu nitawapandisha juu wakaone zile bangili. Wataniuliza ni ipi, watoto lazima waulize. Nitawaambia hata mwanawe alishindwa kujua."

Anavua miwani, anaifuta.

"Sijui watalipokeaje jambo hilo," anasema. "Mimi mwenyewe bado sijalipokea."